Mbona Muthoni hayumo?

Makala yenu ya wanawake jeshini imeanza na kile kikosi cha wanawake cha mwanzoni mwa miaka ya 1970, kana kwamba kabla ya hapo hakuna mwanamke wa Kenya aliyeshika silaha. Na Muthoni wa Kirima je? Aliingia Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopigania uhuru dhidi ya Waingereza, kama mpelelezi, akaishia kuwa Field Marshal, na msituni Nyandarua hakutoka mpaka uhuru wa 1963. Nywele alizotoka nazo huko alikuja kuzikata 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Hebu piteni pale Freedom Corner, Uhuru Park, Nairobi, mtazame ile sanamu ya Mau Mau ya 2015. Mama anampa mpiganaji chakula huku kila mmoja ameangalia kando, ili akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Hiyo ni kazi ya kijeshi kabisa, ila watu huiita "kusaidia". Risasi nazo zilipitia mikono hiyo hiyo, na waliokamatwa wakafungiwa gereza la Kamiti.

Meja Jenerali Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo hicho, anastahili picha kubwa mliyompa, hapo sibishi. Lakini aya mbili za hawa kina nyanya zingewagharimu nini? Wengine bado wako hai, Nyeri na Murang'a. Tumeni mwandishi.