Korona haikutuzuia kusafiri, ilibadilisha tu safari zenyewe

Mi naona tunakosea sana tukidhani mtu akishaijua hatari basi anatulia nyumbani. Wapi! WHO walitangaza korona ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na baada ya hapo nani alikuwa hajui? Na bado watu walipanga safari za ndani ya nchi, ila sasa aliyezoea basi akatafuta lifti kwa mtu anayemfahamu, wa hoteli akataka nyumba nzima akae na familia yake tu, na wengi wakachagua sehemu ambayo mambo yakiharibika wanageuza siku hiyohiyo.

Halafu hofu yenyewe siyo moja. Kuna ya kuugua, kuna ya kukwama, yaani umeenda harusini kesho yake unasikia barabara zimefungwa, na kuna ya kumpelekea bibi ugonjwa, hii ndo nzito kuliko zote maana kijana hajijali kabisa ila akimfikiria bibi anaghairi.

Mwanasaikolojia Ronald Rogers aliandika tangu 1975 kwamba mtu akikutana na tishio anapima ubaya wake, uwezekano wa kumpata, na kama kinga inasaidia kweli, na 1983 akaongeza la nne, je mwenyewe naiweza hiyo kinga? Hapo kwenye la nne ndo matangazo mengi yalifeli. Kila jioni tulikuwa tunahesabiwa wagonjwa na vifo, sawa, lakini ndani ya basi nifanyeje? Mmoja anafungua dirisha, wa nyuma analalamika vumbi, linafungwa, barakoa ya kondakta iko kidevuni, na safari bado ndefu. Mtu wa hivyo hukumwongezea tahadhari, umemwongezea presha tu, na akichoka kuogopa anaacha kusikiliza.

Na pesa nayo inaongea. Japani Julai 2020 ilianzisha mpango wa Go To Travel, serikali inachangia gharama za utalii wa ndani, Tokyo ikawekwa pembeni mwanzoni kwa sababu ya maambukizi, halafu Desemba mpango wote ukasimamishwa kesi zilipopanda. Nia ya kuokoa biashara naielewa, watu walikuwa wanafunga hoteli. Ila punguzo nalo ni tangazo jamani, mtu akiona serikali yenyewe inamlipia safari anajiambia kumbe hali siyo mbaya kihivyo, na hapo hata umtumie meseji ngapi za tahadhari ameshakata tiketi.