Mashabiki wa Van der Graaf Generator, acheni kutafuta mashahidi

Juzi kijana mmoja aliyekuwa ameisikiliza Pawn Hearts, albamu ya mwaka 1971, kwa mara ya kwanza aliuliza, kwa heshima zote, ni kitu gani hasa kinachotufanya sisi mashabiki wa Van der Graaf Generator tuizungumzie bendi hii ya roki ya Uingereza kwa shauku kubwa namna ile. Lilikuwa swali zuri, na lilistahili jibu zuri. Shabiki mwenzangu, mtu aliyeifahamu bendi hii muda mrefu kunizidi, alimjibu kwa orodha ya majina: kwamba John Lydon wa bendi ya panki ya Sex Pistols alimsifu redioni Peter Hammill, mwimbaji wa bendi yetu, kwamba Robert Fripp wa King Crimson alikuja studio kuwapigia gitaa, kwamba Bruce Dickinson wa Iron Maiden ni shabiki mkubwa. Kijana aliitikia kwa kichwa, akashukuru, na mazungumzo yakahamia mambo mengine. Nimekuwa na hasira tangu siku ile, na hasira yangu haimhusu kijana.

Majina hayo yote ni ya kweli. Ni kweli kwamba mwaka 1977, katika kipindi cha Capital Radio cha London, Lydon alichagua nyimbo kutoka Nadir's Big Chance, albamu ambayo Hammill aliitoa peke yake mwaka 1975, na ni kweli kwamba gitaa la Fripp linasikika katika albamu ya bendi, H to He, Who Am the Only One ya mwaka 1970. Lakini mtu akishaambiwa hayo amejifunza nini kuhusu muziki wenyewe? Amejifunza kwamba Lydon alikuwa na sikio pana kuliko watu walivyodhani. Habari hiyo inamhusu Lydon. Kinachonichoma zaidi ni kwamba utetezi wa namna hii ni wa kuomba radhi: ni kana kwamba bendi iliyoimba nyimbo za dakika 20 katika miaka ya sabini inahitaji kibali cha wanamuziki wa panki ndipo iruhusiwe kupendwa. Haihitaji, na haijawahi kuhitaji.

Kijana yule angeambiwa habari ya sauti. Angeambiwa kwamba katika miaka ambayo roki ilimaanisha gitaa la umeme likiwa mbele ya kila kitu, watu hawa wanne waliliondoa gitaa kutoka kwenye kiti chake wakaweka kinanda na saksafoni. Nic Potter, aliyekuwa akipiga gitaa la besi, alipoondoka katikati ya kurekodi H to He, hawakumtafuta mtu wa kuziba nafasi yake. Hugh Banton, aliyefunzwa kinanda cha kanisani na ambaye pia alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, alianza kupiga besi kwa miguu, kwenye pedali za kinanda chake, huku mikono yake ikiendelea na kazi nyingine juu. Vinanda vyenyewe alivifungua, akavibadilisha kwa mkono wake, akavipa milio ambayo waliovitengeneza hawakuikusudia. David Jackson, kwa kumfuata mwanajazi Mmarekani Roland Kirk, alitia mdomoni saksafoni mbili kwa wakati mmoja na kuzipitisha kwenye mitambo ya umeme, hata mtu asiyemwona akaapa kwamba anasikia kundi zima la wapigaji. Guy Evans, kwenye ngoma, alikataa kazi ya kuhesabu tu mapigo. Alizungumza na waimbaji na wapigaji wenzake, akiwakatiza pale alipoona wanakatizwa vizuri.

Matokeo ya mpangilio huo ni kwamba msikilizaji hana mahali pa kuegemea. Katika bendi nyingine za roki ya progresivu, hata wimbo ukiwa mrefu na mgumu kiasi gani, gitaa na besi hukupa njia ya kupitia, na mara kwa mara hukupa solo la kupumzikia. Hapa kinanda kinaweza kuwa sakafu na dhoruba kwa wakati mmoja, na saksafoni, ambayo masikio yetu yameizoea ikibembeleza, inanguruma au inapiga kelele ya mtu aliyeumia. Anayelipenda jambo hili huwa amelazimika kwanza kubadilisha namna anavyosikiliza, na ndiyo sababu hawezi kulizungumzia kwa utulivu. Shauku ya mashabiki inatoka hapo.

Juu ya yote hayo kuna sauti ya Hammill. Nitakubali, ingawa sipendi kukubali, kwamba sauti hiyo humfukuza mtu mwenye nia njema kabisa. Inaanza kwa mnong'ono, inapanda hadi wembamba wa mtoto wa kwaya, kisha bila taarifa inageuka ukelele unaokwaruza, na yote hayo yanaweza kutokea ndani ya ubeti mmoja. Anayesema kwamba hawezi kuivumilia simlaumu. Ninachokataa ni dai kwamba ni maigizo. Msikilize katika Still Life, wimbo wa mwaka 1976 kuhusu watu waliopata uzima wa milele na kugundua kwamba pamoja na kifo wamepoteza kila kilichowafanya watake kuishi. Dakika za mwanzo anaimba karibu peke yake na kinanda, kwa utaratibu wa mtu anayesoma taarifa ambayo angependa isiwe ya kweli, na sauti inapovunjika baadaye, inavunjika kwa sababu hoja yenyewe imefika mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuitamka kwa upole.

Hapo ndipo ninapofikia jambo ambalo wapinzani na mashabiki wengi wamekubaliana kulikosea, yaani giza. Wapinzani wanasema bendi hii ni ya huzuni tupu; mashabiki wanaitikia kwa fahari kwamba naam, ni bendi yenye giza kuliko zote za wakati wake, na wanalitangaza giza hilo kama muuza pilipili anavyosifu ukali. Nasema wote wawili hawajasikiliza hadi mwisho. Chukua White Hammer ya mwaka 1970, inayosimulia mateso waliyofanyiwa watu waliotuhumiwa uchawi Ulaya. Maneno yake yanafikia kudai kwamba upendo utaishinda nyundo ya watesaji, kisha ala zinaingia kwa kishindo cha kutisha, na msikilizaji anaachwa aamue ikiwa dai hilo limethibitishwa au limekanushwa. Chukua Killer, ambao kwa nje ni wimbo wa samaki muuaji wa kilindini, na ndani yake mna kiumbe anayeomba kupendwa huku akijua kwamba kila anayemkaribia anakufa. Mwimbaji hamcheki kiumbe huyo, wala hamtumii kututisha. Anamtambua, kisha anakiri kwamba anamfanana.

Na chukua A Plague of Lighthouse Keepers, wimbo unaojaza upande mzima wa pili wa Pawn Hearts, dakika 23, ulioshonwa kutokana na vipande kumi. Mlinzi wa mnara wa taa anaishi peke yake. Kazi yake ni kuokoa, lakini meli zinavunjika miambani mbele ya macho yake na hana mkono wa kufika. Anabaki na hatia ya mtu ambaye hakufanya kosa lolote isipokuwa kubaki hai na kuona. Bendi nyingine zingeiacha hadithi hiyo iwe ya kutia hofu na zikatosheka. Hawa wanampitisha mlinzi katika akili inayovurugika, kwa ala zinazogongana hadi unatamani kuzima, kisha wanamleta kwenye wimbo mpana wa mwisho ambao msikilizaji mmoja huusikia kuwa kifo chake na mwingine huusikia kuwa amani yake. Mimi nimeusikia kwa namna zote mbili, na ninaamini ulitungwa uwe hivyo. Bendi inayopenda giza kwa ajili ya giza haitungi mwisho wa aina hiyo. Anayeutunga ni mtu anayetaka kujua, kwa dhati, kama kuna kinachobaki baada ya hofu, na ambaye heshima yake kwa msikilizaji inamzuia kumdanganya kwamba jibu amelipata.

Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna udhuru wa kulistaajabia jambo hili. Washairi wetu wa Lamu na Pate waliyatazama majumba ya matajiri yaliyokuwa magofu, wakauhoji moyo wao kuhusu mauti kwa makumi ya beti, na hakuna mwenye akili anayesema kwamba walikuwa watu wa kupenda huzuni.

Kuhusu Italia, ambako bendi hii ilipendwa kuliko kwao, mashabiki wengi huisimulia habari ile kama kichekesho, na mimi naona ndiyo ushahidi pekee wenye uzito. Nyumbani Uingereza, bendi hii iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1967 iliingia kwenye orodha ya albamu mara moja tu, kwa The Least We Can Do Is Wave to Each Other, iliyofika nafasi ya 47 mwaka 1970. Mwanzoni mwa mwaka 1971 kampuni yao, Charisma ya Tony Stratton-Smith, iliwapeleka kuzunguka Uingereza pamoja na Genesis na Lindisfarne kwa tiketi ya shilingi sita, na bado umma haukukimbilia santuri zao. Kisha Pawn Hearts, iliyo ngumu kuliko zote, ikafika nambari moja Italia. Walikwenda huko mwaka 1972 wakakuta umati ambao hawakuwahi kuuona kwao. Sidhani kwamba wengi wa wale vijana wa Kiitalia waliyafuata maneno ya Kiingereza ya Hammill ubeti kwa ubeti. Walichokipokea ni kinanda, saksafoni, ngoma na ile sauti, na hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote maarufu kwamba vinapendeza. Umati ule haukuwaokoa. Uchovu na ukosefu wa fedha viliwavunja mwaka huohuo wa 1972. Lakini ulithibitisha kwamba muziki huu unaweza kujisimamia wenyewe mbele ya watu wa kawaida, wengi, wasio na cheti cha ushabiki.

Mengine nitayapitia haraka. World Record ya mwaka 1976 ina wimbo mmoja wa dakika 20 ambao ungependeza zaidi ukiwa wa dakika 12, na shabiki anayekana hilo anajidhulumu. Albamu ya kwanza, The Aerosol Grey Machine, ina uzuri wake, lakini haijawa bendi hii bado. Na wale wanaodai kwamba kurudi kwao mwaka 1975 kulikuwa kutafuta fedha wasikilize kwanza, kwa sababu watu wanaotafuta fedha hawarekodi albamu tatu ngumu kiasi kile katika muda wa takriban mwaka mmoja.

Kuna lawama moja dhidi yetu ambayo siwezi kuikwepa, nayo ni kiburi. Wapo mashabiki wanaoipenda bendi hii kwa sababu wengine hawaipendi, na siku ikipendwa na wengi wataitupa. Watu hao wamefanya madhara makubwa kuliko wachambuzi wote walioidharau, kwa kuwa wamemfanya msikilizaji mgeni aone kwamba kutoelewa mara ya kwanza ni upungufu wake. Si upungufu. Muziki huu ulitungwa na vijana waliokuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, waliojaribu mambo yaliyozidi uwezo wao na mara nyingine wakashindwa hadharani. Anayehitaji kusikiliza mara tano ana haki ya kusikiliza mara tano bila kusimamiwa.

Mgeni akiniuliza mimi aanzie wapi, nitamwambia aanze na Godbluff ya mwaka 1975, wala asianze na Pawn Hearts. Ina nyimbo nne tu, hazifiki dakika 40 kwa jumla, na kila mpigaji anasikika wazi kwa sababu waliisimamia wenyewe bila mtayarishaji wa nje. Scorched Earth, wimbo wa pili, utamwonyesha kwa dakika 10 namna nguvu ya roki inavyoweza kujengwa na kinanda na saksafoni zikisukumana, na akishaupenda huo atakuwa tayari kuingia katika mnara wa taa bila mtu wa kumshika mkono.

Kilichobaki ni ugomvi wetu wa ndani kuhusu miaka ya baadaye, na humo nina upande wangu. Hammill alipata mshtuko wa moyo mwishoni mwa mwaka 2003, akapona, na mwaka 2005 wote wanne walirudi na albamu ya Present na onyesho la Royal Festival Hall mjini London. Jackson akaondoka baada ya hapo, na tangu Trisector ya mwaka 2008 wamekuwa watatu. Mashabiki wengi ninaowaheshimu wanasema kwamba bila saksafoni bendi ilikwisha. Mwaka 2013 watatu hao walifanya jambo ambalo hata wakiwa vijana liliwashinda: mwaka 1972, mbele ya kamera za televisheni ya Ubelgiji, A Plague of Lighthouse Keepers ilibidi irekodiwe kwa vipande, na sasa, wakiwa na zaidi ya miaka 60, waliupiga wote jukwaani mfululizo, bila saksafoni. Rekodi imo katika Merlin Atmos ya mwaka 2015. Kuna mahali ambapo sikio langu linamtafuta Jackson na halimpati, hilo ni kweli. Lakini Banton amezigawa sehemu za saksafoni kwenye kinanda kwa akili ya hali ya juu, Evans anapiga kwa ukali kuliko alivyopiga akiwa na miaka 24, na Hammill, ambaye sauti yake haipandi tena ilikokuwa ikipanda, anamwimba yule mlinzi kama mzee aliyekaa mnarani miaka arobaini kweli. Kwa sehemu ya mwisho ya wimbo, ninaichagua rekodi hii kuliko ile ya mwaka 1971.