Mvua Hii Inanijua kwa Jina

Nasema mvua inanijua. Haiwezekani kitu kisicho na macho kinikose kila nikijiandaa, kisha kinipate kila nikijisahau.

Yote yalianza siku niliyoamua kukinga maji ya bati. Nilipiga hesabu kwanza, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa langu upande wa nyuma ni kama mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo wala si ya kutisha, inanipa lita 300! Nikalala tajiri. Pipa langu ni la lita 200, nikawa nawaza hizo 100 za ziada nimgawie nani.

Mfereji nikafunga mwenyewe. Fundi wa nini, si bati lililokunjwa tu? Kumbe maji hayajali pipa liko wapi, yanafuata mteremko, na mteremko wangu ulielekea dirishani kwa jirani. Mvua ya kwanza nilimkingia yeye. Alikuja kunishukuru akiwa na taulo kiunoni na redio mkononi, redio inachuruzika.

Nikarekebisha. Mama watoto akanikumbusha kwamba maji ya mwanzo hayakingwi: unaliweka bomba pembeni, unayaacha yaoshe vumbi, majani, na zile zawadi ambazo ndege wamekuwa wakitudondoshea huko juu kiangazi chote. Ni kweli kabisa, sibishi. Lakini mvua za siku hizi ndizo hizo maji ya mwanzo! Inakuja na ngurumo, upepo umeshaondoka na ndoo, watoto wanapiga kelele, mimi nimesimama nimeshika bomba kama mzima moto, nasubiri bati litakate. Linatakata. Naelekeza bomba kwenye pipa. Mvua imekatika! Jua hilo, linanikodolea. Nimebaki na bati safi kuliko sahani zangu, na pipa lenye maji ya kikombe kimoja, nayo yana unyoya.

Nikikimbilia simu, inasema uwezekano wa mvua ni asilimia 40. Sasa hiyo mimi niifanyie nini? Nibebe asilimia 40 ya mwavuli? Asilimia 40 ya mwavuli ni mpini na waya mbili.

Nguo ndiyo usiniulize. Juzi nilianika, nikaanua, nikaanika, nikaanua, mpaka shati likawa limetembea kuliko mwenyewe.

Mara moja tu nimewahi kulijaza lile pipa. Nikapiga marufuku mtu kuligusa. Hata kulifunika sikulifunika, nilitaka nikipita niyaone maji yangu. Wiki ikapita, nikachungulia, nikaona maji yanacheza. Viluwiluwi! Kumbe mbu siku 7 mpaka 10 zinamtosha kutoka yai hadi kuja kukuimbia sikioni. Nilikuwa nimewajengea chuo, na mahafali yakafanyikia chumbani kwangu. Siku hizi pipa lina chandarua. Mimi nalala bila, kwa sababu chandarua chenyewe ndicho hicho.

Basi jana jioni likatanda wingu zito, jeusi. Si wanasema dalili ya mvua ni mawingu? Nikajisemea leo ni leo. Nikamwaga kale kamaji kalikobaki, nikalisugua pipa ndani na nje, nikaliinamisha lichuje. Nikangoja. Saa moja, kimya. Saa tatu, nyota zimejaa angani. Nikaingia kulala na hasira zangu.

Saa tisa usiku nasikia ngoma. Du! Du! Du! Nani tena anapiga ngoma saa hizi? Ni pipa langu, liko kifudifudi uani, mvua inalicharaza makalioni. Mvua ya kweli, ile niliyoipigia hesabu! Nikatoka na kandambili moja, gizani, nikateleza mara mbili, nikalikumbatia pipa tukaanguka wote. Nikalisimamisha. Nikaweka bomba. Nikarudi nyuma hatua moja nilitazame.

Ikakatika.

Nikarudi ndani nimelowa chapachapa, nadondosha maji kutoka kila kona ya mwili. Nakuta taa inawaka, mama watoto ameketi kitako kitandani, ametulia kabisa. Bati lina tundu dogo pale juu, tundu ambalo nimeahidi kuliziba tangu sijui lini. Chini ya tundu ametega beseni, limejaa pomoni, maji meupe unaona hadi chini. Hana bomba, hana mfereji, hajajua milimita ni mnyama gani. Na beseni limekaa kitandani, upande wangu.

Nikainua shuka nijipenyeze pembeni.

"Taratibu, baba watoto," akasema, "utayamwaga."