Adams alipitia Bungeni
Kuna mwandishi anayesema wananchi ndio waliomchagua John Quincy Adams kuwa rais wa Marekani mwaka 1824. Hapana. Kura za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo humchagua rais, zilikuwa 261, mshindi alihitaji 131. Wagombea walikuwa wanne: Jackson alipata 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Hakuna aliyefikisha, mambo yakahamia Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lina kura moja tu, liwe kubwa au dogo, na wanaoingia ni watatu wa juu. Clay wa nne, ambaye ndiye aliyekuwa spika wa Baraza hilo, akabaki nje, akambeba Adams. Februari 9, 1825 Adams akapata majimbo 13 kati ya 24, yaani kiasi kilekile kilichohitajika. New York ilipatikana kwa wabunge 18 kati ya 34. Kisha Clay huyohuyo akapewa uwaziri wa mambo ya nje! Kambi ya Jackson ilipiga kelele kwamba Clay alilipwa fadhila, hadi uchaguzi wa 1828, ikamwangusha Adams. Na Adams hakustaafu: alirudi kama mbunge 1831, akaugua ghafla na kuanguka akiwa kitini mwake bungeni Februari 1848.