Mchezo unaleta afya, au wenye afya ndio wanaocheza?

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa kwenye basi moja, njia moja, moshi uleule. Ila dereva alikaa kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata walipougua, maradhi hayakuwa makali kama ya wenzao. Hoja nyingi tunazosikia leo kuhusu faida za michezo zina mzizi kwenye ngazi zile.

Kisichosimuliwa sana ni kilichofuata. Morris alirudi akapekua kumbukumbu za sare za wafanyakazi haohao, akakuta suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta hata miongoni mwa vijana. Huenda basi watu waliokwisha kuwa wazito ndio waliochagua usukani, na wepesi wakachagua ngazi. Nampenda mtafiti wa namna hii, anayerudi kuitikisa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Swali lake bado lipo. Uchunguzi wa Copenhagen uliotolewa mwaka 2018, uliofuatilia maelfu ya watu kwa takriban miaka 25, ulionyesha kwamba wacheza tenisi waliishi karibu miaka 10 zaidi ya wasiofanya mazoezi, wacheza soka karibu miaka 5, wakimbiaji miaka 3 na ushei, na waliokwenda kwenye kumbi za mazoezi mwaka mmoja na nusu tu. Takwimu hizi zimezunguka sana, mara nyingi bila tahadhari yake. Anayecheza tenisi kila wiki ana nafasi, ana mwenzake wa kucheza naye, na kwa kawaida hana dhiki ya kipato. Watafiti walijaribu kuzipunguza athari hizo katika hesabu zao, lakini wao wenyewe walikubali kwamba uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kuwa tenisi ndiyo iliyorefusha maisha.

Je, tuseme faida yote ni kivuli? Hapana, na ushahidi ninaouamini zaidi uko kwenye mkono wa huyohuyo mcheza tenisi. Mifupa ya mkono unaoshika raketi huwa minene na imara kuliko ya mkono wa pili, hasa kwa walioanza utotoni. Hapo hakuna cha kipato wala kurithi: ni mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, na mikono miwili iliyofanya kazi tofauti. Mfupa hujijenga pale unapobebeshwa mzigo. Msuli nao ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuisubiri sana insulini, ndiyo maana mazoezi humsaidia mwenye kisukari cha aina ya pili. Moyo uliozoeshwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo hupiga polepole mtu anapopumzika. Upande wa mwili, kwa maoni yangu, mjadala umekwisha kwa sehemu kubwa.

Upande wa akili ndio wenye utata. Wengi hukimbilia maelezo ya endofini, ile kemikali ya raha, wakati endofini zilizomo kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1999 linafundisha zaidi. Watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na kuendelea, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: mazoezi, dawa, au vyote viwili. Baada ya wiki 16 matokeo yalikaribiana, ingawa dawa ilianza kuleta nafuu mapema. Lakini mazoezi yale yalifanywa kwa kikundi, mara tatu kwa wiki, chini ya msimamizi. Kilichotibu kilikuwa jasho, au kule kuamka ukijua kuna watu wanakungoja? Uchunguzi mwingine wa mwaka 2018, wa Wamarekani zaidi ya milioni moja, ulikuta michezo ya timu ikienda na nafuu kubwa ya kiakili kuliko aina nyingine za mazoezi, na kwamba kuzidisha muda hakukuongeza nafuu hiyo. Nao haukukwepa swali la Morris, maana mtu aliyezama kwenye sonona hana nguvu hata ya kufunga kamba za viatu, sembuse kujiunga na timu.

Hata hivyo naona jambo la kungojewa lina uzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wengi wanaujua ushauri wa namna hiyo na hawaufuati. Anayekimbia peke yake akilala leo, hakuna atakayemuuliza. Asiyetokea kwenye mechi anaacha pengo, na simu zitaanza kuita. Mchezo unashinda mazoezi ya kawaida kwa sababu unamrudisha mtu uwanjani hata siku asiyojisikia.

Na hapohapo ndipo madhara yanapoingilia. Aliyeteguka kifundo cha mguu wiki iliyopita anarudi kabla hajapona kwa sababu timu ina watu kumi. Aliyegongwa kichwa na kuona nyota anasema yuko sawa. Kijana wa kike anayekimbia mbio ndefu anapunguza chakula apate wepesi unaosifiwa na kocha, hedhi inakatika, na mifupa ileile iliyopaswa kuimarika inaanza kupata nyufa. Mwili haukushindwa mchezo. Ulizidiwa na aibu ya kuwaangusha wenzake.

Soka lenyewe linaonyesha pande zote mbili kwa uwazi usio wa kawaida. Watafiti wa Glasgow walitoa mwaka 2019 matokeo kuhusu zaidi ya wanasoka wa zamani 7,600 wa kulipwa wa Scotland, wakiwalinganisha na watu wa kawaida wa umri wao. Wanasoka walikufa kwa uchache kutokana na maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Lakini walikufa kwa maradhi ya kuharibika kwa ubongo, yakiwemo ya kupoteza kumbukumbu, mara tatu na nusu zaidi ya wenzao. Uchambuzi wa baadaye uliona hatari iko juu zaidi kwa mabeki, na makipa hawakupishana sana na watu wa kawaida, jambo linalowafanya wengi waushuku mpira wa kichwa. Hao walikuwa wachezaji wa kulipwa, na si haki kuyahamishia matokeo yao moja kwa moja kwa anayecheza jioni moja kwa wiki. Ila kuwazuia watoto wadogo kupiga mpira kwa kichwa, kama shirikisho la soka la Marekani lilivyoamua mwaka 2015 kwa walio na miaka 10 na chini yake, hakuwapunguzii lolote la maana katika mchezo.

Kuna pia yule wa mara moja kwa miezi mitatu, anayevaa jezi na kucheza kana kwamba ni fainali. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kwa watu wasiozoea mazoezi, hatari ya shambulio la moyo katika saa moja baada ya kujitutumua hupanda takriban mara mia. Kwa wanaofanya mazoezi mara tano au zaidi kwa wiki hupanda mara mbili na kidogo. Saa moja ni saa moja, na hatari yenyewe bado ni ndogo, lakini pengo hilo linasema kwamba neno zito katika sentensi "kucheza michezo mara kwa mara" ni "mara kwa mara".

Kwa hiyo mtu akiniuliza ajiunge na timu gani, simuulizi kwanza ni mchezo gani. Namwambia akatazame jioni moja wanavyomfanyia aliyeumia. Kuna timu humpa maji, wakampulizia dawa ya ganzi na kumrudisha ndani. Kuna nyingine humkabidhi filimbi, akawa refa wa siku hiyo, na juma linalofuata akaja tena akichechemea, akauliza filimbi iko wapi.