Tuipunguze picha au tuitupe kompyuta?

Ukiingia steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, au chumba cha kompyuta cha sekondari huko Mafinga au Tukuyu, usishangae kukuta Windows XP, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, bado inachapa barua na mitihani. Ubishi huanza pale mtu anapofika na picha kwenye flashi, anataka iwe wolpepa, yaani picha ya ukutani mwa skrini, na kompyuta ikagoma kuifungua. Mafundi hapo hugawanyika. Wapo wanaosema mashine imepitwa na wakati, iondolewe, na kuhangaika na picha yake ni kupoteza muda. Wengine wanaichukua ile picha, wanaikata, wanaibadilisha fomati (namna faili lilivyoandikwa ndani), wanaiweka. Hawa wa pili wanachekwa sana mjini, na naona wanachekwa kabla hawajasikilizwa.

Kundi la kwanza lina hoja nzito. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Virusi vya WannaCry viliposambaa duniani Mei 2017, wengi walioathirika walikuwa na Windows 7 ambazo hazikuwekewa sasisho lililokuwa limeshatolewa tangu Machi. Kompyuta ya zamani iliyounganishwa na intaneti, inayopokea flashi za kila mteja na kutumika kujaza fomu zenye taarifa za watu, ni hatari, na hapo sina ubishi. Ni kweli pia kwamba kijana anayefundishwa kwa XP peke yake atapata taabu siku ya kwanza kazini.

Shida yangu ni namna hoja hiyo inavyotumika. Inajengwa juu ya mashine ya dukani yenye intaneti, halafu inaihukumu hata ile ya ofisi ya taaluma ambayo kazi yake ni kuchapa ratiba na matokeo, haina waya wa mtandao, wala haina modemu. Mwalimu ameomba nembo ya shule ikae kwenye skrini, anajibiwa anunue kompyuta mpya. Swali lake lilikuwa la picha, jibu likawa la bajeti.

Na mara nyingi hata hilo la picha halikuchunguzwa. XP ilitoka mwaka 2001. WebP, fomati ya picha za kwenye wavuti, ilitangazwa na Google mwaka 2010, na simu za iPhone zilianza kuhifadhi picha kwa fomati ya HEIC mwaka 2017, kuanzia iOS 11. Mashine ingezijuaje? Tena inayokataliwa ni fomati tu. Picha yenyewe, ikishageuzwa, inaingia bila matata. Windows 95 ilivyotoka kiwandani inataka BMP basi, fomati isiyobana picha. Windows 98 inapokea JPEG, fomati inayobana picha, kama Active Desktop (kipengele cha kuonyesha kurasa za wavuti kwenye skrini) imewashwa. XP inaipokea JPEG, ila yenyewe inatengeneza nakala ya BMP iitwayo Wallpaper1.bmp, na hiyo ndiyo inayoonyeshwa.

Wengi hapa hudhani wamegeuza fomati kumbe wamebadilisha jina. Faili lilikuwa linaishia na .webp, wakafuta, wakaandika .jpg, kisha wakailaumu kompyuta. Jaribu hivi: lifungue faili hilo kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, lakini uangalie mwanzo kabisa. BMP inaanza na herufi BM. GIF inaanza na GIF89a au GIF87a. Kwenye PNG utayaona maneno PNG karibu na mwanzo. Kwenye WebP utaona RIFF, na mbele kidogo WEBP, hata kama jina linasema .jpg. Sijui somo jepesi kuliko hili la kumwonyesha mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba jina la faili na kilichomo ndani ni vitu viwili. Kwa mashine mpya inayofungua kila kitu kimyakimya, mwalimu atalifundisha kwa maneno matupu.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila fundi aibandike ukutani. Picha ya simu ya kawaida siku hizi ina pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Kwenye simu ni JPEG ya megabaiti chache, inaonekana ndogo. Ikifunuliwa kuwa BMP ya biti 24, kila pikseli inachukua baiti 3, na jumla inakuwa baiti milioni 36. Sasa chukua XP yenye RAM ya megabaiti 128, kiwango ambacho Microsoft yenyewe ilikipendekeza, huku cha chini kikiwa 64. Picha moja ya ukutani inaomba zaidi ya robo ya kumbukumbu yote kabla mtu hajafungua Word. Mwenye mashine anasema imekuwa nzito. Fundi anasema ina virusi, anampigia Windows upya, anachukua hela yake. Mteja anarudi nyumbani, anaweka picha ile ile, uzito unarudi, na sasa wote wawili wanakubaliana kwamba kompyuta imezeeka.

Punguza picha hiyo hiyo iwe 1024 kwa 768. Inakuwa baiti 2,359,296, na ukijumlisha 54 za utangulizi wa faili ni 2,359,350. Ni mara kumi na tano pungufu, na kwenye monita ya 1024 kwa 768 jicho halipotezi kitu, kwa sababu monita haina pikseli za kuonyesha zaidi ya hapo. Kilichotupwa kilikuwa mzigo mtupu. Mashine ngapi zimehukumiwa kufa kwa baiti hizo milioni 33? Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba anayekaa kuipunguza picha anapoteza muda. Anafanya kipimo ambacho wenzake wamekiruka.

Kazi yenyewe ni fupi. IrfanView, programu iliyopo tangu 1996, ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, inakata, inapunguza, inahifadhi BMP na hata kuiweka ukutani. Picha nyingi za simu zilizopigwa kwa upana zina uwiano wa 4 kwa 3, sawasawa na monita za zamani, kwa hiyo hazihitaji hata kukatwa. Iliyopigwa simu ikiwa wima ndiyo ya kukata kwanza, maana XP inajua kuiweka katikati, kuirudia kama vigae au kuivuta tu, na ikivutwa uso wa mtu unatanuka. Anayetumia GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, ahakikishe wakati wa kuhifadhi anachagua biti 24 na kuzuia taarifa za rangi zisiandikwe ndani ya BMP, la sivyo programu za zamani zinaweza kulikataa faili ambalo kwa macho ni halali kabisa.

Kwenye kadi dhaifu ya skrini, inayoonyesha rangi 256 tu, kazi inahitaji mkono zaidi. Windows inajichukulia rangi 20, zinabaki 236. Maua ya njano ya Kitulo yanatoka vizuri, lakini anga la jioni linakatikakatika kuwa mistari, na hapo inabidi uchague picha yenye anga dogo.

Wanaouliza kwa nini mtu ahangaike na pambo, nadhani hawajaangalia mashine hizo zinatumikaje. Wolpepa ya steshenari huwa ni bei ya kuchapa na kutoa kopi, ili mteja asome mwenyewe. Ya shule huwa ni ratiba ya mitihani, au vifupisho vya kibodi ambavyo mwanafunzi anavisahau kila wiki. Na hata ikiwa pambo, kuna ubaya gani? Kilima cha kijani kinachokuja na XP kilipigwa picha California mwaka 1996 na Charles O'Rear. Faili lake, Bliss.bmp, lina pikseli 800 kwa 600. Shule iliyozungukwa na mashamba ya chai ya Mufindi, au inayoutazama Mlima Rungwe kutoka dirishani, ina haki ya kuweka kilima chake kwa ukubwa huo huo. Watoto wakiona kijiji chao kwenye skrini, ile mashine inakuwa ya kwao, na mashine ya kwao wanaitunza.

Wapo wa katikati wanaosema wekeni Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Ni ushauri mzuri, na kwa kompyuta ya dukani yenye intaneti naukubali moja kwa moja, mradi prosesa ni ya biti 64. Za biti 32 njia inazidi kuwa nyembamba: Debian 13, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Na foleni inaongezeka. Huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa hiyo kompyuta za mtumba zilizonunuliwa kwa bei nzuri juzi tu zimeshaitwa za zamani. Kompyuta hizo zinapokea JPEG na PNG bila neno. Zitakazosumbua ni HEIC za iPhone, na hapo dawa inaanzia kwenye simu: mteja aingie kwenye mipangilio ya kamera, achague fomati inayokubalika na vifaa vingi, na picha zake zote zijazo zitatoka JPEG.