Shahada ya Misitu Isitolewe Kabla Kijiji Hakijasomewa Matokeo

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, kina kitu ambacho vyuo vichache wanacho: misitu yake chenyewe. Mazumbai, Usambara Magharibi, ni msitu wa asili wa milimani. Kitulangalo, kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ni msitu wa miombo, miti ya ukanda mkavu. Huko wanafunzi hupima kipenyo cha miti usawa wa kifua na kufuatilia inavyokua mwaka hadi mwaka. Natamani kila chuo chenye ardhi kifanye hivyo.

Lakini msitu mwingi wa nchi hii hauko mikononi mwa vyuo. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu, na sehemu kubwa iko kwenye ardhi ya vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kunufaika na mazao yake. Wanaoamua mti upi ukatwe ni kamati ya maliasili ya kijiji, watu wenye jembe na panga, wasio na maktaba.

Maswali yao ni ya kitaalamu kabisa. Visiki vya miombo huchipua vikikatwa, sawa, ila eneo lililovunwa mkaa lipumzike miaka mingapi? Moto wa kiangazi ukipita, au ng'ombe wakiingia machipukizi yakiwa bado mafupi, hesabu hiyo inabadilikaje? Mambo haya yametafitiwa. Yameandikwa kwa Kiingereza, yakafungwa jalada gumu, yakapangwa rafuni. Na mzee aliyemwongoza mtafiti porini, akimtajia kila mti kwa jina lake, alilipwa posho ya siku na hakusikia tena lolote. Hilo linaniuma kuliko ukosefu wa fedha za utafiti.

Basi pendekezo langu ni hili: mwanafunzi aliyefanya utafiti katika msitu wa kijiji asihitimu mpaka aandike kurasa mbili za Kiswahili na kuzisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ajibu maswali, na muhtasari wa kikao upelekwe chuoni pamoja na tasnifu. Wapo watakaosema ni gharama. Nauli ya kwenda kupima miti huwa imo kwenye bajeti tangu mwanzo. Ya kurudi kutoa majibu iwekwe hapo hapo, na msimamizi asisaini bajeti isiyo nayo.